Waliotunguliwa: nani aliamua mwanajeshi wa anga afe au awe mateka

Usiku wa Machi 24, 1944, Mwingereza wa miaka 21 aitwaye Nicholas Alkemade alikuwa amekaa peke yake kwenye kibanda cha bunduki mkiani mwa ndege ya mabomu aina ya Lancaster, mita 5,500 juu ya Ujerumani. Walikuwa wanarudi kutoka kuipiga Berlin. Ndege ya adui ikawashambulia gizani, Lancaster ikashika moto. Alkemade alifungua mlango uliokuwa nyuma yake ili achukue mwavuli wake, maana kibanda kile kilikuwa chembamba mno kukaa nao. Akaukuta unaungua. Kati ya kufa kwa moto na kufa kwa kuanguka, akachagua kuanguka, akajitupa nje mikono mitupu.

Alizinduka amelala kwenye theluji chini ya miti ya misonobari, mguu umeteguka, lakini mzima. Matawi na theluji vilikuwa vimempokea. Wajerumani waliomkamata hawakumwamini hata kidogo. Kwao mtu aliyetoka angani bila mwavuli ni jasusi aliyeufukia mahali. Walipokwenda kukagua mabaki ya ndege na kukuta vipande vya chuma vya mwavuli ulioteketea, ndipo wakakubali kwamba kijana huyu alisema kweli.

Usiku huohuo, kilomita kama 160 kusini-mashariki mwa Berlin, wenzake wengine walikuwa chini ya ardhi. Katika kambi ya Stalag Luft III mjini Sagan, ambao leo ni Żagań nchini Poland, mateka wa jeshi la anga walikuwa wanatambaa ndani ya handaki la urefu wa mita mia moja hivi, wakitokea nje ya seng'enge mmoja mmoja. Katikati ya shughuli hiyo taa za kambi nzima zikazimwa, kwa sababu ndege za Uingereza zilikuwa zinaelekea Berlin. Handaki nalo lilitumia umeme ulioibwa kwenye nyaya za kambi, kwa hiyo giza likawachelewesha. Wenzao waliokuwa juu, bila kujua, waliwakwamisha waliokuwa chini. Ndege 811 ziliruka usiku ule na 72 hazikurudi.

Nimeuanza usiku huo kwa makusudi, kwa kuwa unabeba fumbo zima la watu hawa. Walikuwa wanachoma miji. Hamburg peke yake, mwisho wa Julai 1943, ilipoteza zaidi ya watu 35,000, wengi wao raia waliokufa kwa moto na moshi ndani ya mahandaki. Lakini aliyeanguka kutoka kwenye ndege hizo mara nyingi alikabidhiwa kwa Luftwaffe, jeshi la anga la Ujerumani, akaandikishwa, akapewa kitanda, akaruhusiwa kuandika barua kwa mama yake. Wakati huohuo, Wajerumani haohao waliwateka askari wa Kisovieti wapatao milioni 5.7, na takriban milioni 3.3 kati yao wakafa kwa njaa, baridi, maradhi na risasi. Kwa nini mmoja alindwe na mwingine aachwe afe? Na kwa nini hata aliyelindwa, siku nyingine aliuawa?

Kutoka ndani ya ndege

Wengi hawakulifikia swali hilo. Kamandi ya Ndege za Mabomu ya Uingereza ilirusha watu wapatao 125,000 kwa vita vyote. Waliokufa ni 55,573. Waliotekwa hawakufika 10,000. Hata ukiwatoa waliokufa kwa ajali za mazoezi, aliyetunguliwa usiku alikuwa na tumaini dogo sana la kuiona kambi ya mateka.

Freeman Dyson, aliyekuja kujulikana duniani kama mwanafizikia, wakati ule alikuwa kijana anayepiga hesabu kwenye makao makuu ya kamandi hiyo. Hesabu zake zinaumiza kuzisoma. Katika ndege za Marekani zilizotunguliwa mchana, karibu nusu ya watu waliokoka. Katika ndege za Kiingereza za zamani zaidi, Halifax na Stirling, karibu robo. Katika Lancaster, ndege iliyosifiwa kuliko zote, ni asilimia 15 tu. Sehemu ya sababu ilikuwa tundu la kutokea lililokuwa kwenye pua ya ndege. Upana wake ulikuwa sentimeta 56, wakati la Halifax lilikuwa na sentimeta 61. Sentimeta tano! Mtu aliyevaa nguo nzito za baridi, amefunga mwavuli kifuani, ndege inazunguka na kuwaka moto, alitakiwa apenye hapo kabla ya wenzake waliokuwa nyuma yake kuishiwa muda. Dyson na mwenzake walihangaika tundu lipanuliwe, na vita vikaisha kabla tundu kubwa halijawa la kawaida.

Sababu nyingine ilikuwa giza. Kuanzia 1943 marubani wa Kijerumani wa usiku walifungiwa mizinga inayoelekea juu. Walijipenyeza chini ya tumbo la Lancaster, mahali ambapo hakuna macho, wakalenga matangi ya mafuta kwenye mabawa. Wengi waliokuwa ndani hawakujua kama wamepigwa mpaka bawa lilipowaka. Mmarekani wa mchana aliiona hatari inakuja na alikuwa na dakika chache. Mwingereza wa usiku pengine alikuwa na sekunde.

Rubani ndiye aliyetakiwa kutoka mwisho. Alishikilia usukani ili ndege isijipindue wakati wengine sita wanatoka. Ndiyo maana utakuta hadithi nyingi za mateka walioishi miaka mingi baadaye wakimtaja rubani wao aliyebaki humo.

Nani alikufikia kwanza

Aliyetua salama alikuwa ameingia kwenye bahati nasibu nyingine. Akifikiwa na askari wa Luftwaffe, karibu kila mara alipona. Kulikuwa na hali ya kuelewana kati ya marubani wa pande zote mbili, na kulikuwa na sababu ya kijeshi pia: mateka aliye hai ana habari. Mara kadhaa askari hao walisimama kati ya mateka na umati wenye hasira.

Akifikiwa na raia, ilitegemea ni raia gani na wiki gani. Mtu ambaye jana amefukua watoto wake kwenye kifusi hawezi kudaiwa utulivu, na sioni haja ya kuificha hasira hiyo. Lakini hasira hiyo ilichochewa na kutumiwa na wakubwa. Mei 1944 Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, aliandika gazetini kwamba haiwezekani askari na polisi watumike kuwakinga marubani hao dhidi ya wananchi. Siku chache baadaye Martin Bormann, katibu wa Hitler, akawapelekea viongozi wa chama cha Nazi waraka uliowaambia kwamba walioua wanajeshi wa anga hawakushtakiwa. Kila aliyeusoma alielewa maana yake.

Mji wa Rüsselsheim unaonyesha matokeo. Agosti 26, 1944, Wamarekani wanane wa ndege moja ya B-24 walikuwa wanasindikizwa na walinzi kuelekea kambini. Reli ilikuwa imeharibiwa na mabomu ya Waingereza ya usiku uliotangulia, kwa hiyo wakatembezwa kwa miguu katikati ya mji. Wao hawakuupiga mji huo. Watu wakawavamia kwa mawe, nyundo na magongo. Sita walikufa. Wawili walilala kimya kati ya maiti, wakapakiwa kwenye mkokoteni uliokuwa unaelekea makaburini, wakaokoka. Novemba 1945 wanaume watano wa mji huo walinyongwa baada ya kesi.

Mahali pa maswali

Waliofika mikononi mwa Luftwaffe walipelekwa Oberursel, karibu na Frankfurt, kwenye kituo cha kuhoji kilichoitwa Dulag Luft. Mkataba wa Geneva wa 1929 ulimtaka mateka ataje jina lake la kweli na cheo, au namba yake ya jeshi, basi. Ujerumani ilitaka zaidi ya hapo: kikosi gani, kiwanja gani, rada ya aina gani.

Njia yao kuu ilikuwa upweke. Mateka aliwekwa peke yake kwenye chumba kidogo kwa siku au wiki, mara nyingine joto likiongezwa mpaka jasho limtiririke. Kisha angekuja mtu mpole amebeba fomu yenye alama ya Msalaba Mwekundu, anamwambia aijaze ili familia yake ipate habari kwamba yu hai. Fomu ilikuwa ya uongo, na maswali yake yalianzia jina la mama na kuishia kwenye namba ya kikosi.

Mhoji aliyesifika zaidi hakumgusa mtu. Hanns Scharff, aliyeshughulikia hasa marubani wa Kimarekani wa ndege za kivita, alizungumza Kiingereza kizuri, aliwatembeza mateka msituni na kupiga nao soga. Kabla ya mazungumzo alikuwa ameshasoma faili lililokusanywa kutoka kwenye mabaki ya ndege, magazeti na vikaratasi vilivyokutwa mifukoni. Alimweleza mateka habari za kikosi chake kana kwamba anajua kila kitu, na mateka, akiona hakuna siri iliyobaki, angesahihisha kosa dogo tu. Kosa hilo dogo ndilo alilokuwa akilitafuta. Baada ya vita Scharff alihamia Marekani, akawa fundi wa kutengeneza picha za vigae.

Kilichoilinda kambi

Kwenye kambi ndipo jibu la swali letu linapoanza kuonekana. Wanajeshi wa anga walikuwa na kambi zao: Sagan, Barth kwenye pwani ya Baltiki, Gross Tychow na nyinginezo. Kwa mkataba, maofisa hawakulazimishwa kufanya kazi, na masajenti walitakiwa kusimamia tu. Kuanzia 1940 waruka angani wote wa Uingereza walikuwa na cheo cha sajenti au zaidi, kwa hiyo hakuna aliyepelekwa mgodini kwa sheria. Waswisi, kama nchi isiyopigana, walikuja kukagua. Msalaba Mwekundu ulileta vifurushi vya kilo tano hivi: nyama ya kopo, siagi, maziwa ya unga, chokoleti, zabibu kavu, sabuni, sigara. Chakula cha Wajerumani chenyewe kilikuwa mkate mweusi, viazi na supu nyepesi. Bila vifurushi wangekonda vibaya, na vilipokatika mwaka 1945 walikonda kweli.

Sigara ziligeuka fedha. Mchumi wa Kiingereza R. A. Radford, aliyefungwa kambi ya Moosburg kusini mwa Ujerumani, aliandika mwaka 1945 jinsi bei za kambini zilivyopanda shehena ya sigara ilipoingia na kushuka kadiri watu walivyozivuta. Asiyevuta alikuwa tajiri.

Sasa, kwa nini haya yote yaliheshimiwa? Wapo wanaosema ni uungwana wa marubani. Ulikuwepo, lakini uungwana hauwezi kuwalisha maelfu ya watu kwa miaka mitano. Mimi naona kilichokuwa na nguvu zaidi ni mizani ya mateka. Ujerumani nayo ilikuwa na watu wake mikononi mwa adui, huko Kanada, Uingereza na Marekani, na baada ya kushindwa Tunisia Mei 1943 idadi yao ilikuwa mamia ya maelfu. Kila pande ilijua kwamba ikimtesa mtu wa mwenzake, wa kwake atalipia. Jambo hilo lilijaribiwa mwaka 1942: baada ya shambulio la Dieppe, kwenye pwani ya Ufaransa, Wajerumani waliwafunga pingu mateka wa Kanada na Uingereza, na mara moja mateka wa Kijerumani nao wakafungwa. Kwa askari wa Kisovieti mizani hiyo haikuwepo. Stalin hakuwa amesaini mkataba, na Hitler aliwahesabu watu wale kuwa si binadamu kamili.

Kwa msomaji wa Kiafrika kuna sehemu ya hadithi hii inayogusa zaidi. Juni 1940, Wajerumani walipoivunja Ufaransa, askari wa Kiafrika wa jeshi la Ufaransa waliuawa kwa mamia baada ya kujisalimisha, mojawapo ya sehemu hizo ikiwa Chasselay karibu na Lyon. Rangi yao ilitosha. Miaka mitatu baadaye, Johnny Smythe wa Sierra Leone, mwongoza njia kwenye ndege ya Stirling, alitunguliwa Novemba 1943, akatolewa ghalani alikojificha, akapelekwa Barth, na akaishi humo mpaka mwisho wa vita. Alisaidia kamati ya kutorosha wenzake, ila yeye mwenyewe hakujaribu: Mwafrika mrefu kama yeye angejificha wapi kaskazini mwa Ujerumani? Cy Grant wa Guyana, naye mwongoza njia, alitunguliwa Juni 1943 juu ya Uholanzi. Gazeti la Kijerumani lilichapa picha yake na kumwita mwanajeshi wa anga wa Uingereza wa jamii isiyojulikana. Walitaka kumdhalilisha, lakini walimpeleka Sagan na kumlaza pamoja na maofisa wengine. Itikadi ilikuwa ileile iliyoua Chasselay. Kilichobadilika ni sare aliyovaa, cheo chake, na ukweli kwamba London ilikuwa inahesabu watu wake. Smythe alirudi akawa mwanasheria mkuu wa nchi yake; Grant akawa mwigizaji na mwimbaji aliyefahamika kwenye televisheni ya Uingereza.

Mizani ilipovunjika

Turudi Sagan. Roger Bushell, mzaliwa wa Afrika Kusini, wakili na rubani wa ndege ya kivita, alipanga mahandaki matatu, yakapewa majina Tom, Dick na Harry. Udongo wa pale ni mchanga unaoporomoka, kwa hiyo walizuia kuta kwa mbao zilizotolewa kwenye vitanda, takriban 4,000. Bomba la hewa lilitengenezwa kwa makopo ya maziwa ya unga ya Klim yaliyounganishwa. Mchanga ulitolewa kwenye vifuko virefu vilivyofichwa ndani ya suruali na kumwagwa taratibu wakati wa kutembea uwanjani. Dira zilitengenezwa kwa sahani za santuri zilizoyeyushwa.

Watu 76 walitoka kupitia Harry. Watatu tu, Wanorwei wawili na Mholanzi mmoja, walifika salama. Sabini na watatu walikamatwa. Kwa mkataba, adhabu ya kutoroka isingezidi siku 30 kizuizini. Hitler akaamuru wauawe, na idadi ikawekwa 50. Polisi wa siri, Gestapo, waliwachukua wawili wawili au kwa makundi madogo, wakawasimamisha kando ya barabara na kuwapiga risasi mgongoni, kisha wakaandika kwamba waliuawa wakijaribu kutoroka tena. Bushell alikuwa mmoja wao. Majivu yalirudishwa kambini, na wenzao wakawajengea kaburi la mawe lililopo Żagań mpaka leo.

Walioua hawakuwa Luftwaffe, na hapo ndipo penye fundo. Ulinzi wa mateka ulidumu pale tu alipokuwa mikononi mwa jeshi. Akiingia mikononi mwa Gestapo au SS, kikosi chenye silaha cha chama cha Nazi, mkataba ulikuwa karatasi. Katikati ya 1944 wanajeshi wa anga 168, waliokuwa wakifichwa na raia wa Ufaransa wakasalitiwa wakiwa wamevaa nguo za kiraia, walipelekwa kambi ya Buchenwald badala ya kambi ya mateka. Mkubwa wao, rubani wa New Zealand Phil Lamason, aliwataka wapige kwata kama askari hata wakiwa na vichwa vilivyonyolewa na miguu mitupu, na akapenyeza habari zao kwa Luftwaffe. Mwezi Oktoba maofisa wa jeshi hilo waliwatoa na kuwapeleka Sagan. Wawili walikuwa wameshakufa. Adui yao wa angani ndiye aliyewaokoa na adui yao wa ardhini.

Kule Japani mizani ilikuwa imevunjika tangu mwanzo. Tokyo ilisaini mkataba wa 1929 bila kuuidhinisha. Baada ya ndege za Marekani zilizoongozwa na Doolittle kuipiga Japani Aprili 1942, ikatunga sheria iliyowafanya wanajeshi wa anga kuwa wahalifu, na Wamarekani watatu wakapigwa risasi Oktoba mwaka huo. Mwaka 1945 watu wa ndege moja ya B-29 walipasuliwa wakiwa hai na madaktari kwenye Chuo Kikuu cha Kyushu.

Safari ya mwisho

Januari 1945 jeshi la Kisovieti lilikaribia, na Wajerumani hawakutaka kuwaachia mateka. Usiku wa Januari 27 maelfu ya watu wa Sagan waliambiwa wafungashe ndani ya dakika chache na kuingia kwenye theluji, wakivuta mizigo kwa sleji walizozipigilia kwa mbao za vitanda. Kwa siku kadhaa walitembea mpaka Spremberg, wakalala kwenye maghala na makanisa, kisha wakasukumwa kwenye mabehewa. Masajenti wa Gross Tychow waliondoka Februari 6 na kutembea karibu miezi mitatu, wakiharisha, wakila viazi vilivyoibwa mashambani. Mlinzi mzee na mateka waliteseka kwa baridi ileile, wakati mwingine mateka akimbebea mlinzi bunduki. Moosburg ilifurika watu kutoka kila upande mpaka Wamarekani walipofika Aprili 29. Barth ilikombolewa na Wasovieti mwanzoni mwa Mei.

Uingereza iliamua kuwarudisha watu wake kwa ndege zilizokuwa hazina tena kazi ya kupiga mabomu. Lancaster ziliondolewa shehena, zikatua kwenye viwanja vya Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani, na kuwabeba takriban watu 75,000 kwa wiki chache. Hazikuwa na viti. Watu 24 hivi walikaa sakafuni kila safari, wamebanana kwenye mwili wa ndege, injini nne zikinguruma kwa sauti waliyoijua. Waliokuwa wanaweza kusogea mbele walisogea, wakachungulia kupitia kioo kilichokuwa puani, juu ya lile tundu la sentimeta 56, kutazama miamba myeupe ya Dover.